Maarifa ya Nyumbani: Gari Jeusi na Haki ya Mtu



Ndugu wasomaji, tangu tulipoandika juu ya matairi na joto la hapa Omani, si mmoja si wawili waliotusimamisha nje ya msikiti kutuuliza jambo hili: kwa nini gari jeusi, hata likioshwa kila Ijumaa, likipigwa na jua huonekana kama limetandwa utando wa buibui?

Kabla ya kujibu, inatupasa tukiri kosa letu. Tulipostaafu ualimu tulinunua gari jeusi, nalo tukalipenda kuliko ilivyotupasa. Mtaani kwetu alikuwapo kijana wa Kibangladeshi aliyekuwa akiosha magari baada ya Alfajiri kwa ndoo moja na kitambaa, kwa riali chache kwa mwezi. Miezi mitatu haikupita tukaiona mikwaruzo membamba kwenye boneti. Tulimkemea mbele ya majirani na tukamkata ujira wa mwezi ule. Hakujibu neno. Aliinua ndoo yake akaenda zake.

Wiki ile ile alitutembelea mpwa wetu ambaye ni fundi wa rangi za magari. Alipoelezwa habari hiyo aliomba tochi, akamulika gari upande baada ya upande, kisha akauliza: "Mjomba, paa huliosha nani?" Tukamjibu kuwa ni yule kijana, maana sisi mkono haufiki. "Na vumbi la asubuhi hulifuta nani?" Tukasema ni sisi wenyewe, kwa kitambaa kikavu, kila siku kabla ya kutoka. Akatuonyesha: paa lilikuwa na mikwaruzo michache tu, ilhali boneti na milango, mahali pote mkono wetu ulipofika, imejaa tele. Hatukuwa na la kusema.

Sababu yake ni hii. Rangi ya magari mengi ya kisasa ina matabaka kadhaa, na la juu kabisa halina rangi. Ni mfano wa vanishi iliyopakwa juu ya mbao. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Vumbi la huku nalo lina chembe za mchanga wa kwazi, jiwe ambalo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hufikia 7, na almasi yenyewe ni 10. Chembe hizo huweza kukwaruza hata kioo, sembuse vanishi. Anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu anapiga msasa gari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Gari jeupe nalo hukwaruzika vivyo hivyo, ila weupe hurudisha mwanga kila upande na kuificha mikwaruzo. Weusi humeza mwanga, kwa hiyo kila ukingo wa mkwaruzo hubaki ukimeta peke yake. Nayo mikwaruzo huelekea kila upande; jicho huiona zaidi ile inayoukata mwanga, ndipo ikaonekana kama duara kulizunguka jua.

Kinga yake si ghali. Kwanza, vumbi lisifutwe likiwa kavu. Gari lioshwe kivulini, boneti ikiwa imepoa, kwani maji yanayokaukia juani huacha madoa ya chumvi. Lianze kumwagiwa maji matupu ili mchanga uondoke kabla ya kuguswa. Kisha ziwepo ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kuosha sehemu moja. Mtu na aanze juu ashuke chini, na sehemu za chini ya milango, penye mchanga mwingi, aziache mwisho. Kitambaa kiwe laini cha maikrofaiba, na kikianguka chini kisirudi kwenye gari hadi kifuliwe. Kukausha pia ni kwa taulo la maikrofaiba, kwa kugandamiza taratibu bila kusugua. Mashine za kuoshea zenye brashi zinazozunguka ni bora kuziepuka, kwa kuwa brashi hubeba mchanga wa gari lililotangulia. Wala hakuna haja ya kuacha mpira wa maji ukibubujika; israfu ya maji ni israfu popote.

Na mikwaruzo iliyokwisha kuingia? Pitisha ukucha taratibu. Ukikwama, huo ni wa kumpelekea fundi. Usipokwama, polishi laini huweza kuuondoa. Gari lioshwe na kukaushwa, lipitishwe udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji yake ya kutelezesha, kisha polishi ijaribiwe mahali padogo pasipoonekana sana. Matone machache yatosha kwa eneo la sentimita 40 kwa 40. Futa, mulika kwa tochi, ndipo uendelee. Kwenye kingo na mikunjo ya bati usikaze mkono, kwani hapo rangi ni nyembamba. Mwisho paka nta.

Fahamuni kwamba polishi haijazi mkwaruzo. Hulipunguza tabaka lenyewe mpaka lilingane na kina cha mkwaruzo, na kilichopunguzwa hakirudi. Ndiyo maana haifai kupigwa kila mwezi, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Dawa ya meno tusiijaribu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zipo pia nta nyeusi zinazoificha mikwaruzo tu. Gari likioshwa mara chache, hujitokeza tena.

Sasa turudi kwa yule kijana. Tulimtafuta, tukampa ujira wake wote tuliokuwa tumeuzuia, na tukamtaka radhi mbele ya majirani wale wale waliosikia tukimkemea. Haikuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu. Alitusikiliza, akatabasamu, akasema ametusamehe. Tulipomweleza aliyotufundisha mpwa wetu, aliomba jambo moja tu: ndoo ya pili, kwa kuwa yeye alikuwa nayo moja.

Tulimnunulia siku hiyo hiyo. Basi kila mwenye kijana anayemwoshea gari, na amtazamie ndoo zake kabla ya kumtazamia makosa.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.