Mvunjiko usioonekana ni hatari kwa mikono ya Gusii

ABIRIA anayerushwa na pikipiki hutanguliza kiganja ili kujikinga. Kitendo hicho cha kufumba na kufumbua huweza kumvunja kifundo cha mkono. Akiangukia bega, mtulinga ndio huvunjika.

Katika milima ya Kisii na Nyamira, ambako bodaboda ni usafiri wa kila siku, hili si jambo dogo. Mchuma majani chai wa Nyamira na mchonga mawe wa Tabaka hula kwa nguvu za mikono yao.

Linalotia wasiwasi zaidi ni mfupa mdogo wa kifundo, ulio chini ya kidole gumba, uitwao skafoidi. Ukipata ufa, picha ya eksirei ya siku ya kwanza huenda isionyeshe lolote. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu na kuambiwa ameteguka tu. Kumbe damu huufikia mfupa huo hasa kutoka upande wa vidole. Ukivunjika, kipande kilicho karibu na kigasha hukosa damu na huweza kufa.

Ndiposa kanuni ya utabibu inasema: kishimo kilicho chini ya kidole gumba kikiuma kinapobonyezwa, mkono ufungwe na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa uliosogea huhitaji kukazwa kwa skrubu.

Mtulinga ni kinyume chake. Kuvunjika kwake hutambulika kwa urahisi, na aghalabu huunga bila kisu, mkono ukining'inizwa shingoni kwa kitambaa. Bamba la chuma hufaa iwapo mfupa umetoboa ngozi, umedhuru mishipa au vipande vimeachana mno.

Abagusii hawahitaji kufunzwa thamani ya upasuaji, kwani tangu jadi ababari wao wamewatibu waliojeruhiwa kichwani kwa kufungua fuvu. Linalohitajika sasa ni uchunguzi makini kabla ya kisu.

Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, hivyo wajibu huu ni wa serikali za kaunti hizo mbili. Kila majeruhi wa kifundo aandikiwe tarehe ya kurudi, na picha ya pili isiwe mzigo kwa asiye na nauli. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya mkono uliolemaa maisha.