Waraka kwa Wanachama: Gunia Lisilo na Mwenyewe

Kwa: Wanachama wote wa chama chetu cha bodaboda, Mghange
Kutoka: Katibu
YAH: KUBEBA NYAMAPORI NA WAWINDAJI WA USIKU

Ndugu zangu,

Wiki iliyopita nilimkuta mmoja wetu mtoni kabla ya alfajiri, anaosha pikipiki. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye keria yalikuwa mekundu. Tukasalimiana, hatukuulizana. Kunyamaza kule ndiko kulikonitia kalamu mkononi.

Kazi yenyewe twaijua. Jioni wanakuja abiria wawili na tochi kali na marungu, wanataka kuteremshwa nyikani upande wa Kishushe. Digidigi akimulikwa hupigwa na butwaa, macho yanang'aa, ngurumo ya injini inamchanganya. Aliyekaa nyuma anaruka na rungu. Zamani mwindaji alitembea usiku kucha, pengine akarudi mikono mitupu. Leo pikipiki inampeleka, inamulika, inamrudisha, na jogoo hajawika. Basi tusijidanganye kwamba sisi ni wabebaji tu. Sisi ndio miguu ya biashara hii.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo haimsaki muuaji peke yake: kukutwa na nyama ni kosa, na mahakama yaweza kutaifisha chombo kilichoibeba. Mkisimamishwa njiani usiku, mwenye gunia ataruka atokomee vichakani. Pikipiki haiwezi kutokomea. Ina namba, na namba ina jina lako. Wengi wetu bado tunailipia mkopo. Pikipiki itakwenda, deni litabaki nyumbani.

Nimesikia steji wakisema: mbona Marekani watu wanawinda kwa pikipiki za magurudumu manne? Kweli, huko Alaska wako wanaomfuata moose, mnyama wa kimo cha farasi, kwa vyombo hivyo. Lakini wana leseni na msimu wao, na hata wao wamekatazwa kumfukuza mnyama kwa injini. Chombo ni cha kufika mbali na kubeba nyama ya halali. Sisi hapa halali hiyo hatuna.

Mwingine husema: ndovu wanamaliza mahindi yetu, nasi tule cha porini. Uchungu huo naujua. Lakini digidigi hakuvunja hata bua moja shambani kwako. Kwa nini alipe deni la ndovu? Isitoshe, nyama hiyo haijapimwa wala haina muhuri, na kimeta hakipigi hodi. Atakayeuziwa akiambiwa ni mbuzi huenda akawa mama yako.

Kwa hiyo nawasihi:

1. Gunia lisilofunguliwa tukaona kilichomo lisipande keria. Abiria akikataa, atafute mwingine, na huyo mwingine asitoke kwetu.
2. Safari ya nyikani baada ya magharibi, mwenyekiti wa steji aijue kabla hujawasha injini.
3. Aliyelemewa na mkopo aseme mapema. Heri tumchangie leo awamu moja kuliko kesho tumchangie dhamana.

Nawe niliyekukuta mtoni: sikukutaja, wala sitakutaja. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Njoo na kitabu chako cha mkopo, tukihesabu pamoja.

Wenu,
Katibu