Kuhifadhi Jedwali Si Mwisho wa Hesabu

Kutoka Vanga hadi Lamu, mzazi akitaka kujua kama mwanawe anasoma, humwuliza: "Saba mara nane?" Mtoto akijibu "hamsini na sita" bila ya kusita, mzazi huridhika kuwa ada haikupotea bure. Lakini mtoto huyo huyo akipewa hesabu ya fumbo, yaani ile iliyoandikwa kwa maneno, mara nyingi huduwaa. Rai yangu ni kuwa lawama si ya mtoto. Ni yetu sisi tuliomfundisha jibu tusimfundishe kulifahamu swali.

Sisemi kuhifadhi kuachwe. Wapo wanaodai kuwa jedwali la kuzidisha ni mambo ya kale, maadamu kila simu ina kikokotoo. Hoja hiyo haina uzito. Mtoto anayehesabu kwa vidole, akili yake yote imo vidoleni, haina nafasi ya kulifikiria swali. Tena kikokotoo kitazidisha ukikiamuru, lakini hakitakwambia kama hapo pafaa kuzidisha au kugawanya.

Hebu tutazame fumbo hili: Ali ana maembe 24, nayo ni mara tatu ya maembe ya Fatuma. Fatuma ana mangapi? Mtoto aliyefunzwa kuwa "mara" maana yake ni kuzidisha atajibu 72. Jedwali lake ni sahihi kabisa, na jibu lake si sahihi. Fatuma ana maembe 8.

Maradhi haya si ya kwetu peke yetu. Yapata mwaka 1980, walimu wa hesabu wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule za msingi swali hili: chomboni mna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Wengi walijumlisha wakajibu miaka 36. Hawakuwa wajinga. Walizoea kuwa darasani kila nambari lazima ifanyiwe kitu.

Kwetu pana uzito wa pili. Vitabu vingi vya hesabu vya shule zetu vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Pate au wa Kisauni anaota kwa Kiswahili. Anapokwama, mwalimu na mzazi husema hana kichwa cha hesabu, kumbe kilichomshinda ni sentensi. Neno hilo akilisikia mara tatu nne hulisadiki, na hapo ndipo hasara kubwa inapoingia.

Dawa yake iko majumbani mwetu. Sisi ni watu wa mafumbo na vitendawili, na ni watu wa vipimo. Pishi ina vibaba 4. Basi usiku wa kuamkia Idi mwulize mwanao: nyumba yetu ina watu 9, na kila kichwa hutolewa fitri ya pishi moja, tupime vibaba vingapi? Atazidisha 9 kwa 4, apate 36, na atajua kwa nini amezidisha. Korija ni 20. Wauzaji wa boriti walihesabu hivyo. Jahazi likishusha korija 14, ni boriti ngapi? Ni 280. Au mpe fumbo lenye hatua mbili: mama amekanda unga kilo 3, kila kilo imetoa mahamri 24, ameuza kwa shilingi 10 kila moja, yamebaki 6. Amepata kiasi gani? Anayekimbilia kuzidisha atasema 720. Anayesikiliza atatoa yale 6 kwanza, aseme 660.

Wala mtu asidhani kuwa hesabu ya fumbo ni jambo la kizungu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kitabu ambacho jina la aljebra limetokana nacho, aliyaeleza masuala yake yote kwa maneno, bila ya alama tunazotumia leo. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ya wasia na mirathi. Na mirathi ni fumbo hasa. Mtu amefariki akaacha shilingi 240,000, mke, wana wa kiume wawili na wa kike watatu, hana deni, wasia wala wazazi. Mke ana thumuni, yaani 30,000. Zilizobaki, 210,000, zina mafungu 7, kwa kuwa wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kila binti ana 30,000, kila mvulana 60,000. Asiyeweza kuifuata hesabu hiyo atapokea lolote atakalopewa, na ni wangapi, hasa wanawake, waliodhulumiwa hivyo?

Basi wazazi wenzangu, robo saa baada ya chakula cha usiku yatosha. Mtoto akijibu, usiishie kusema "sawa" au "si sawa", mwulize, "Umejuaje?" Kisha mwambie atunge fumbo lake akutegee wewe, kwani anayeweza kutunga swali amelifahamu. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walisema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari nalo lataka mtu anayejua kilichoandikwa humo.