Fuvu Lisilosomwa

Frank Castle, maarufu kama Punisher, aliingia kwenye katuni za Marvel mwaka 1974: mwanajeshi aliyepigana Vietnam, ambaye baada ya mke na watoto wake kuuawa anajichukulia sheria mkononi. Wapo wanaoona vitabu vyake vinafunza ukatili. Lakini katika mfululizo wa mwandishi Garth Ennis ulioanza mwaka 2004, damu inamwagika ukurasa kwa ukurasa na Castle hapati faraja. Anazeeka peke yake, na kila maiti humwachia kazi ile ile kesho. Kisasi hakimrudishii hata mtoto mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadhi ya wanajeshi na polisi wa Marekani wameibandika nembo yake ya fuvu kwenye sare na magari. Ni kweli, ila stika haina kurasa. Katika toleo moja la mwaka 2019, Castle mwenyewe anaichana stika hiyo mbele ya polisi wanaomshabikia. Naye Gerry Conway, mmoja wa waliombuni, ameupinga hadharani mtindo huo. Watoto wasubiri, maana hivi ni vitabu vya watu wazima. Kwa mtu mzima, dawa ya kusoma nusunusu ni kusoma hadi mwisho.