Bunduki ya marisau na mlango wa nyumba

Kila mara majambazi wanapovamia mtaa, hapakosi baba mmoja wa kusema kwamba sasa amechoka na atanunua bunduki. Bawabu alikuwa amelala, polisi walifika kumekucha, na televisheni imekwenda. Hasira yake inaeleweka. Naye rafiki yake, aghalabu mtu aliyetazama sinema nyingi, humshauri achukue shotigani, yaani ile bunduki ya marisau, kwa kuwa eti haihitaji shabaha.

Ushauri huo ni wa hatari. Ni kweli kwamba risasi moja ya bunduki hii hubeba tembe nyingi. Ile ya marisau makubwa huwa na tembe nane au tisa hivi, kila moja ikiwa na upana wa milimita 8 na ushei. Tembe hizo hutawanyika kadiri zinavyokwenda mbali, lakini sebule zetu za jijini ni za mita nne au tano tu. Kwa umbali huo marisau huwa bado yameshikana, na yakitua hayazidi upana wa kiganja. Usipolenga, umekosa. Na yaliyokosa yanaendelea na safari, yapenye mlango wa mbao hadi chumba wanacholala watoto. Ukuta wa mawe huenda ukayazuia, lakini pia yanaweza kuugonga na kuruka kando.

Dukani utasikia habari za namba 12 na namba 20. Wengi hudhani 20 ndiyo kubwa, kumbe ni kinyume. Namba hiyo ilitokana na hesabu ya kale ya Waingereza: ni tufe ngapi za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu ule, zitakazotimiza ratili moja. Kwa hivyo namba 12 ina mtutu mpana zaidi, kama milimita 18.5, na kwa kawaida hupiga teke bega kwa nguvu zaidi. Mtu mwembamba au asiye na mazoezi huona afueni kwa namba 20. Kisha kuna ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati, na ile ya kukokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele. Kwangu mimi ya mitutu miwili ndiyo bora kwa mgeni wa silaha, kwani ukiikunja unaona mara moja kama ina risasi au haina.

Lakini hayo yote ni madogo ukiyalinganisha na sheria. Katiba yetu ya 2010 haimpi raia haki ya kuwa na bunduki. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, silaha humilikiwa kwa cheti, na anayekiomba lazima awe na sababu nzuri na aonekane kuwa hatahatarisha usalama wa umma. Hata waliokuwa na vyeti tayari walitakiwa kupigwa msasa upya kufuatia agizo la serikali la mwishoni mwa 2018.

Na cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Jambo hili ndilo familia nyingi hazijalifikiria. Baba mwenye cheti akisafiri kwenda mashambani kwa mazishi, bunduki inabaki imefungiwa, na mama asiye na cheti chake mwenyewe hana ruhusa ya kuishika. Usiku huo yeye na watoto wanalindwa na kufuli ileile ya siku zote. Kinachoongezeka nyumbani ni kitu ambacho majambazi wangependa kukiiba kuliko hiyo televisheni.

Hata baba akiwepo, kuna mvutano usioisha. Bunduki iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, risasi zikiwa mbali nayo, haitoki kwa sekunde mbili. Ile inayotoka kwa sekunde mbili ni ile iliyo chini ya kitanda, na chini ya kitanda ndipo mtoto wa miaka sita huenda kuutafuta mpira wake. Tena majambazi wengi hungoja gari lisimame langoni, wakati shotigani iko chumbani.

Ukiifyatua, nako kuna maswali. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturejesha kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza kuhusu kujitetea: je, nguvu ulizotumia zililingana na hatari iliyokukabili? Kijana aliyepigwa mgongoni akiruka ua na redio huenda akakupeleka kizimbani.

Kwa hivyo wenye nyumba na wazungumze wote wawili kabla ya baba kwenda kuomba cheti. Mlango wa chuma, taa ya nje, mbwa, na king'ora ambacho majirani wamekubaliana kukiitikia hufanya kazi hata baba akiwa safarini. Mkikata shauri kununua bunduki hata hivyo, sanduku lipigwe bolti ukutani kwanza, mwenye cheti afunzwe kulenga mpaka aive, na ufunguo asiuache juu ya kabati, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba anapajua.