Saa Moja ya Shairi kwa Kila Darasa: Wito kwa Watu wa Kasapa



Tunawaomba jambo moja. Kila darasa la mtaa wetu wa Kasapa, hapa Lubumbashi, kuanzia la tatu la shule ya msingi hadi la mwisho la sekondari, litenge saa moja kwa juma ya kutunga mashairi. Kukariri tayari tunakujua: mtoto ananakili beti za ubaoni, anazishika moyoni, anazitoa mbele ya wageni siku ya kutangaza matokeo, na juma linalofuata zimekwisha kumtoka. Tunachokiomba ni kutunga. Mtoto akae na kaye yake, aandike mistari minne iliyo yake mwenyewe, awasomee wenzake, kisha aiandike upya.

Walimu wanalijua tatizo kuliko sisi wengine. Mwanafunzi anafika mwaka wa mwisho, anapewa mada ya insha ya Mtihani wa Serikali, na anajaza ukurasa kwa sentensi alizoazima kwa waliomtangulia. Akili anayo, mazoezi ndiyo hana. Tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Mwalimu akiagiza insha ya kurasa mbili, atabeba rundo la makaye nyumbani na kusahihisha hadi usiku wa manane. Siku atakapoyarudisha, watoto wamesahau walichoandika. Basi anaacha kuagiza, na ni nani atakayemlaumu?

Mistari minne inaandikwa kwa dakika kumi na kusomwa kwa pumzi chache, na inaweza kurekebishwa kabla ya kengele kulia. Hiyo ndiyo faida kubwa ya shairi darasani. Kuandika hujifunzwa hasa pale mtu anaporudia alichoandika, na andiko fupi linarudiwa mara mbili au tatu katika saa hiyohiyo, hata darasa likiwa limejaa hadi dirishani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto ameandika: «Mama yangu ni mzuri, ananipenda sana.» Hakuna kosa la sarufi hapo, ila mama huyo anaweza kuwa wa mtoto yeyote duniani. Mwalimu haandiki neno kwa wino mwekundu. Anauliza tu: «Saa kumi na moja alfajiri, mama yako anafanya nini?» Mtoto anafikiri, anafuta, anaandika: «Mama anawasha makala kabla ya jogoo, anapima unga wa bukari kwa kikombe, cha kwetu anakijaza mwisho.» Sasa tunamwona mtu. Mtoto amejifunza kuchagua, kutazama na kuacha maneno yasiyo na kazi. Stadi hizohizo ndizo atakazozihitaji katika insha, katika barua ya kuomba kazi na katika ripoti ya mgodini.

Wengine watasema hatuna vitabu. Lakini mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake cha kisiasa, na kwa miaka mitatu ya kifungo alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na leo diwani hiyo ni nguzo ya fasihi ya Kiswahili. Kwetu Kasapa, ambako kampasi ya chuo kikuu na gereza vinabeba jina moja, habari hiyo inapaswa kutugusa mara mbili. Kipande cha karatasi na kipande cha penseli vinatosha kuanzia.

Tena hatuanzi mikono mitupu. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi bado yupo bibi au mjomba anayejua kasala, ushairi wa sifa wa Waluba: kumwita mtu kwa majina yake, ya wazee wake na ya matendo yao, msibani na hata katika furaha. Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi na mtafiti wa nchi hii, alitoa kitabu juu ya kasala mwaka 1974. Profesa Jean Kabuta, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Gent nchini Ubelgiji, alipiga hatua nyingine: aliigeuza kasala kuwa somo la kuandika, ambamo kila mtu hutunga sifa zake na za mwenzake, kwa lugha anayoitaka. Watu wa Ulaya na Kanada wamekaa chini kujifunza kwa njia hiyo. Je, itakuwaje watoto wa Katanga waisikie kwanza kutoka ng'ambo? Nako upande wa Waluba wa Katanga, wazee wa chama cha Mbudye walisoma historia ya ufalme kwa vidole, juu ya lukasa, ubao wenye shanga na kauri. Mtoto anaweza kuchora lukasa ya mtaa wake kwenye kaye, hapa kisima, pale soko, kule bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, kisha akaandika mstari mmoja kwa kila alama.

Kwa wale wanaotaka kanuni, pwani ya Waswahili imetuhifadhia vina na mizani. Mshororo wenye mizani kumi na sita, nane kila upande, unamlazimisha mtoto kupima kila neno kwa kupiga makofi: hili limezidi, hili limepungua, nitafute lingine. Watoto huuona kama mchezo, kumbe wanapanua msamiati wao. Baadaye waambiwe kwamba Euphrase Kezilahabi wa Tanzania aliiweka kanuni hiyo kando katika Kichomi, mwaka 1974, nao wajaribu njia zote mbili.

Liko swali la lugha. Tunajua wazazi wanaoogopa kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto katika Kifaransa. Tunawaheshimu, kwa kuwa wanajua mtihani unafanywa kwa lugha gani. Hata hivyo, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi darasani, na kipaji cha kuandika hakibaki nyuma mtoto anapovuka kwenda lugha nyingine. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alichapisha mashairi, Déchirures, mwaka 1971, kabla ya riwaya yake ya kwanza. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa jiji hili, naye alitangulia kutoa mashairi kabla riwaya yake Tram 83 haijamtangaza duniani mwaka 2014. Wote wawili waliandika kwa Kifaransa, na wote wawili waliingilia mlango wa shairi. Basi mtoto atunge kwa lugha anayoiotea ndoto, kisha alivushe shairi lake mwenyewe hadi Kifaransa. Atakuwa amefanya mazoezi mara mbili.

Na asiambiwe kwamba Kiswahili chetu si bora hata asithubutu kufungua kinywa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, kwa Kiswahili kilekile kinachosemwa mitaani. Leo wataalamu wa historia wanaisoma kwa makini. Kiswahili sanifu kifundishwe, ndiyo, lakini kije baada ya mtoto kuwa na jambo la kusema.

Sasa kila mmoja na fungu lake.

Walimu wetu, anzeni na darasa moja tu. Toeni kitu cha kushikika kama mada: matope ya masika, gunia la makala, viatu vya baba anaporudi kazini. Sikilizeni kabla ya kusahihisha, na makosa ya tahajia yasubiri hadi uandishi wa tatu.

Mabwana na mabibi maprefe wa shule, iwekeni saa hiyo kwenye ratiba, iandikwe. Kitu kisichoandikwa kwenye ratiba huliwa na hesabu.

Wanafunzi wa chuo kikuu, hasa ninyi wa Kitivo cha Fasihi, na wenzenu mnaosomea ualimu, shule za jirani ziko umbali wa kutembea kwa miguu. Nendeni wawili wawili, kwa idhini ya mkuu wa shule, mkakae na kikundi kimoja cha watoto. Mtafundisha, na ninyi mtafundishwa.

Wazazi, mtoto akirudi na swali «Babu yangu aliitwaje kwa sifa?», msimfukuze. Mjibuni. Kama hamjui, mpelekeni kwa anayejua, maana majina hayo yanazikwa pamoja na wazee. Na akiwasomea mistari yake jioni, zimeni televisheni dakika mbili.

Watangazaji wa redio, tunawaomba dakika tano za Jumamosi: mtoto mmoja, shairi moja, bila hotuba ya mtu mzima. Wenye mashine za fotokopi karibu na kampasi, kila shule ikileta kurasa nne kwa muhula, ipunguzieni bei.

Tukianza mwezi wa Septemba shule zinapofunguliwa, tarehe 21 Machi, Siku ya Ushairi Duniani, kila darasa litakuwa na mashairi ya kusomea shule nzima. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, masomo yakiwa yamefungwa, watoto wayasome mtaani, mbele ya wazazi na majirani. Zawadi kubwa hazihitajiki. Daftari jipya na makofi yanatosha.

Mwalimu unayesoma maneno haya, usingoje barua kutoka juu. Chagua siku, mweleze prefe wako, kisha ingia darasani na swali moja zuri. Sisi wengine tutakuja kusikiliza.