Hema lipigwe wapi Kivu Kusini?
Anayetoka Luberizi, katika joto la uwanda wa Ruzizi, akapanda hadi Tshivanga kwenye Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hubadilisha karibu kila kigezo cha kuchagua kambi. Uwandani hutafuta kivuli na maji safi, tena mbali na kingo za mto wenye viboko na mamba. Mlimani, ambako kilele cha Kahuzi kina mita 3,308, hutafuta ardhi iliyoinuka isiyotuamisha mvua, na blanketi zito. Msitu wa Kahuzi-Biega wenye gorila wa Grauer, uliofanywa hifadhi mwaka 1970, unastahili wageni. Lakini usalama hutangulia mandhari: waasi wa M23 waliingia mji wa Bukavu Februari 2025. Kabla ya kufunga mizigo, waulizeni kwanza walinzi wa hifadhi na wenyeji.